Kijiti Kwanza, Kadi Baadaye

Jumanne, Machi 3

Mia nne tisini na nane kati ya mia sita. Naiandika namba hii hapa juu kabisa, mahali ambapo sitaweza kuikwepa, maana najijua. Nikiachiwa wiki mbili nitaanza kuikumbuka kama mia tano na kumi.

Bastola ya hewa, mita kumi, risasi sitini, mkono mmoja. Watu wakisikia kwamba mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mama wa watu wazima wawili, anakwenda klabu ya shabaha mara mbili kwa wiki, huuliza ni nani amenikasirisha. Wengi wamenikasirisha, ila hao nawamaliza gazetini kila Ijumaa. Ukumbini sina adui. Kuna kadi yenye duara jeusi, basi. Hilo ndilo linaloniuma: kadi haina hoja hata moja, na bado inanishinda.

Leo mwalimu wetu ametangaza. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mwembamba, mkali, na sisi wanachama tumembatiza Bi Nukta, ingawa mbele yake tunasema Mwalimu. Timu ya mashindano makubwa ya mwezi Juni itakuwa ya watu watatu. Wawili wanajulikana. Nafasi ya tatu itagombewa Mei 23, risasi sitini, mara moja tu, na wagombea ni wawili: mimi na wifi yangu.

Wifi ni mke wa kaka yangu wa pekee. Ni daktari wa meno. Kutwa nzima ameingiza koleo kinywani mwa mtu na mkono hautikisiki. Nilimleta klabuni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikimsifia mchezo kama mjinga.

Niseme jambo moja nisilosema kwa mtu. Sijawahi kuchaguliwa katika timu yoyote. Shuleni nilikuwa yule anayebaki ukutani mpaka mwisho, halafu pande zote mbili zinatazamana. Tangu hapo nikajifanya sipendi timu, na nimeandika makala chungu nzima kuwacheka watu wanaotembea kwa makundi. Nafasi hii ya tatu naitaka. Haya, nimeandika.

Alhamisi, Machi 5

Joto. Mia tano na mbili. Sikulala vizuri.

Jumanne, Machi 10

Nimesoma vitabu vitatu kuhusu kulenga shabaha na nimegombana na vyote. Cha kwanza kinasema pumzi ishikwe, cha pili kinasema isishikwe, cha tatu kinasema usiifikirie, ushauri ambao ni sawa na kumwambia mtu asifikirie pua yake. Niliingia ukumbini nikiwa na hoja sita nilizozipanga vizuri. Bi Nukta hakuniruhusu hata ya kwanza.

"Unatazama nini ukilenga?"

"Shabaha, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo ninayoipiga."

"Shabaha haiendi popote, mwandishi. Imebanwa kwenye waya. Kinachotikisika ni chako." Akagusa kile kipande kidogo cha chuma kilichosimama mwisho wa mtutu. "Tazama kilengeo. Shabaha iache iwe ukungu."

Nikamwambia kwamba kukipiga kitu usichokitazama ni upuuzi. Akasema nijaribu. Nikajaribu. Nikapata tisa, tisa, kumi, nane. Nikamwambia ni bahati tu. Akaondoka kwenda kumsahihisha wifi, ambaye hakuwa na cha kusahihishwa.

Usiku huu nimekaa na jambo hilo na linanikera. Miaka ishirini na tano ya kuandika nimemkodolea macho yule ninayempiga. Sijawahi kutazama mkono wangu.

Alhamisi, Machi 12

Nimefukuzwa ukumbini.

Klabu yetu ina desturi ambayo sijaisikia kwingine. Mbele ya kila mpigaji, pembeni ya gurudumu la kuvutia kadi, kuna ubao mdogo uliochorwa duara kama lile la shabaha, wenye vitundu vingi, na kijiti kimoja cha mbao. Kila risasi ina kadi yake. Ukishafyatua, kabla hujazungusha gurudumu kadi ikujie, unachomeka kijiti pale unapoamini risasi imekwenda. Kijiti kwanza, kadi baadaye. Anayevuta kadi kabla ya kijiti anaambiwa akusanye vitu vyake arudi kwake.

Mimi nilivuta. Nilisahau, au niseme ukweli, nilipuuza. Najua nimepiga, nataka kuona, kijiti cha nini?

"Nyumbani," akasema Bi Nukta.

"Mwalimu, kadi si itaniambia yenyewe?"

"Kadi inamwambia kila mtu. Nataka ujue wewe kabla ya kadi. Anayesubiri kuambiwa na karatasi hajui alichofanya, na asiyejua alichofanya hawezi kukirudia. Nyumbani."

Wifi alikuwa kituo cha tatu, mimi cha nne. Alishusha bastola, akaniangalia kwa upole. "Pole, wifi." Pole ile ilikuwa na asali kupita kiasi.

Jumapili, Machi 15

Kaka amepiga simu. "Dada, huyu mwenzako akirudi kutoka huko kwenu hasemi. Wewe ukirudi unasema hadi kwangu. Mnanitesa pande zote." Nikamwambia achague upande. Akakata simu.

Jumanne, Machi 17

Mvua ya kwanza. Paa la ukumbi ni la bati na likipigwa na mvua hata bastola yako mwenyewe unaisikia kwa shida. Mia tano na sita. Vijiti vyangu na kadi haviafikiani kabisa. Nachomeka katikati, kadi inaleta saba ya kushoto.

Jumamosi, Machi 21

Nafanya mazoezi ya kufyatua bastola tupu, bila risasi, mbele ya ukuta mweupe wa sebuleni. Hakuna shabaha. Unatazama kilengeo, unabonyeza kifyatulio taratibu kama unabonyeza parachichi kujua kama limeiva, unabaki umesimama vilevile baada ya mlio. Bi Nukta anasema kufyatua mbele ya ukuta mtupu kunaonyesha uongo wote wa kidole.

Mume wangu alipita na kikombe chake cha chai.

"Ukuta umekosa nini, mheshimiwa?"

"Kimya."

"Nauliza tu. Kama ni ile rangi, niliipaka mimi. Nipige mimi."

Nilicheka, na kilengeo kikaruka. Basi nimejua kitu: nikicheka naruka juu, nikikasirika navuta chini kulia. Nimekiandika. Kidole changu kina hasira kuliko mimi.

Alhamisi, Machi 26

Mvua.

Jumanne, Machi 31

Mvua. Paa limeanza kuvuja kati ya kituo cha tatu na cha nne, yaani kati yangu na wifi. Mhandisi, mwenzetu mnene mwenye masharubu, ambaye yumo kwenye timu tayari na ndiye mwamuzi wetu siku za majaribio, ameweka ndoo pale. Tone, tone, tone. Wifi anasema linamsaidia kuhesabu pumzi. Bila shaka.

Ijumaa, Aprili 3

Mwandishi mmoja wa gazeti jirani ameandika kwamba maktaba za umma zifungwe, majengo yakodishwe, kwa sababu watu siku hizi wanasomea kwenye simu. Nimesoma mara tatu nikihema. Nimemjibu kwa kurasa kumi na moja. Mhariri wangu amesema ana nafasi ya kurasa mbili. Nimemwambia yeye pia ni sehemu ya tatizo.

Jumanne, Aprili 7

Mia nne themanini na saba. Chini ya nilikoanzia. 

Leo kila kitu kilikwenda vibaya tangu risasi ya tano. Nilipata sita, nikaamua kuilipizia, nikapata saba, nikaamua kuilipizia nayo. Mpaka risasi ya ishirini nilikuwa nikipigana na risasi ambazo zilishakufa. Bi Nukta alisimama nyuma yangu muda wote. Tulipomaliza akaniuliza:

"Umeshusha mara ngapi?"

Kushusha ni pale unapokuwa umeinua mkono, umelenga, na unahisi mambo hayajakaa sawa. Badala ya kufyatua unarudisha bastola mezani, unapumua, unaanza upya. Kanuni zinaruhusu. Hakuna anayekuhesabia.

"Sijashusha hata mara moja," nikasema, tena kwa fahari.

"Ndiyo sababu."

"Mwalimu, mimi nikiinua nimeinua. Sirudi nyuma."

"Nani amekwambia hiyo ni sifa?"

Hapo nikalipuka. Nikasema maisha yangu yote nimelipwa kwa kutorudi nyuma. Nikasema kushusha ni woga uliovalishwa jina la ufundi. Nikasema mengine ambayo siyaandiki, mojawapo lilihusu hisabati.  Bi Nukta alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Wifi yako leo ameshusha mara kumi na tisa. Mia tano thelathini na moja." Akachukua mwavuli wake akatoka.

Nilikuwa nimemdhania wifi ni jiwe. Mtu ambaye mkono wake unainuka na kutulia kwa sababu ameumbwa hivyo, kama wengine walivyoumbwa na sauti nzuri. Mara kumi na tisa! Mara kumi na tisa alisimama hapo pembeni yangu akihisi kwamba haiwi, na mimi nilikuwa na kelele zangu sikuona.

Jumatano, Aprili 8

Sikwenda popote. Mvua kutwa. Jino la nyuma linauma.

Jumatatu, Aprili 13

Jino limenishinda. Siku tano nimelitibu kwa karafuu na ubishi. Leo asubuhi shavu lilikuwa limevimba, na mume wangu akanipeleka kwa nguvu kwa daktari wa meno ambaye hatutozi hata senti. Yaani wifi.

Chumba chake ni kidogo, cheupe, kina dirisha moja na taa moja kubwa yenye shingo ndefu. Alinilaza kwenye kiti, akanichoma sindano ya ganzi, akanijazia pamba, akaniambia nipanue. Katika miaka yote ya undugu wetu hatujawahi kuwa chumba kimoja nikiwa siwezi kusema.

Nadhani naye aliliona hilo.

"Wifi," akasema, akichungulia ndani, "leo utanisikiliza mimi."

"Aaah," nikasema.

"Unajua kwa nini naitaka ile nafasi? Unadhani nataka kukushinda. Hata sikufikirii, usinichukie. Familia yenu mnaongea. Mama yenu aliongea, kaka yako anaongea, wewe ndiyo usiseme. Nimeolewa huko miaka kumi na saba na sidhani nimewahi kumaliza sentensi mezani kwenu. Nikianza, mmoja anadakia, mwingine anamkosoa aliyedakia, na mimi nabaki na kijiko. Panua zaidi. Kule ukumbini nikiinua mkono hakuna anayenidakia. Ni mahali pekee ambapo jambo langu ninalianza mimi na kulimaliza mimi."

Nilitaka kupinga. Nilikuwa na mifano. Kulikuwa na pamba.

Akaingiza koleo, nikahisi anavuta kidogo, halafu akalitoa. Akatulia. Akaingiza tena. Akalitoa tena. Mara ya tatu nikamtolea jicho.

"Halijakaa," akasema. "Nikihisi halijakaa natoa, naanza upya. Jino halikimbii, wifi. Likivunjikia ndani ndipo utanijua."

Mara ya nne lilitoka lote, na mizizi yake mitatu, kama mtu anavyotoa funguo mfukoni. Akanionyesha. Akanifuta mdomo kwa mkono ambao, nilipouangalia kwa karibu kwa mara ya kwanza, ulikuwa unatetemeka kidogo, kama wangu. Kama wa kila mtu.

Nimerudi nyumbani nimevimba, sisemi, na nyumba nzima inafurahia. Nimekaa dirishani nikajaribu kukumbuka sentensi moja ya wifi aliyowahi kuimaliza mezani kwetu. Sikuipata.

Alhamisi, Aprili 16

Nimeshusha mara tano. Ya kwanza ilikuwa kama kumeza mfupa. Mia tano na tisa.

Jumamosi, Aprili 18

Nilimwomba Bi Nukta radhi kuhusu hisabati. Akasema, "Hisabati haikusikia."

Jumanne, Aprili 21

Somo la miguu. Bi Nukta alinifumba macho kwa kitambaa, akaniambia niinue mkono nilenge, kisha akanifumbua. Mkono ulikuwa unaelekea kadi ya wifi, kituo cha tatu, si yangu.

"Sasa utafanya nini?"

Nikausogeza mkono.

"Kosa. Ukiuvuta mkono, utachoka na utarudi kule kule. Sogeza mguu wa nyuma. Miguu ndiyo inayolenga, mkono unafuata tu." Akachora chaki sakafuni kuzunguka viatu vyangu. Wifi naye akachorewa zake. Michoro ile ilionekana kama ya polisi, ya maiti wawili waliokwishaondolewa.

"Wifi," nikamwambia, "nikifa upande huu, mwambie kaka ni wewe uliyenichokoza."

"Kaka ni wako, kwangu mimi ni mume," akajibu. Nikacheka, naye akacheka, na Bi Nukta akasema ukumbi si sebule.

Ijumaa, Aprili 24

Ile makala ya maktaba. Kurasa kumi na moja zimeshuka hadi sita. Nikaifungua leo nikitaka kuituma, nikaisoma kwa sauti. Nikahisi haijakaa. Nikaiacha mezani.

Mhariri amenipigia kuuliza kama ninaumwa.

Jumanne, Aprili 28

Mia tano kumi na nane. Kijiti na kadi vimekubaliana karibu nusu ya risasi zote.

Alhamisi, Aprili 30

Mvua. Paa linavuja zaidi. Mhandisi ameleta ndoo kubwa.

Jumanne, Mei 5

Mia tano ishirini na moja.

Alhamisi, Mei 7

Mia tano kumi na tisa. Nilivunjika moyo, lakini Bi Nukta alifurahi kuliko siku ile ya juu. "Ishirini na moja, kumi na tisa. Sasa una mkono mmoja. Mwezi Machi ulikuwa na mikono sita, na kila siku ulikuwa unakuja na mwingine."

Jumapili, Mei 10

Chakula cha mchana kwa kaka. Wifi alianza kusimulia habari ya mgonjwa aliyekuja na jino lake mkononi. Kaka akadakia. Nikampiga teke chini ya meza.

"Vipi, dada?"

"Anaongea mwenzako."

Wifi alimaliza hadithi yake yote. Ilikuwa inachekesha kweli kweli. Miaka kumi na saba!

Jumanne, Mei 12

Mia tano ishirini na tatu. Wifi mia tano thelathini na nane. Bado naitaka nafasi ile. Nisijidanganye hapa kwamba yale maneno ya kwenye kiti cha meno yamenifanya mtakatifu. Naitaka vilevile, ila sasa najua ni nani atakayeikosa nikiipata.

Jumanne, Mei 19

Nimepiga vizuri, nimelala vizuri. Sitaandika namba.

Jumamosi, Mei 23

Mkono bado umechoka, lakini niandike leo hii hii, kesho nitaanza kupamba.

Mvua ilianza asubuhi na haikukoma. Tulikuwa wawili tu kwenye mstari, wifi kituo cha tatu, mimi cha nne, ndoo kati yetu. Mhandisi mezani kama mwamuzi. Bi Nukta nyuma, amekunja mikono. Kaka na mume wangu kwenye benchi la mlangoni, wamekatazwa kusema, na kwa kaka hiyo ni adhabu.

Nilianza vizuri. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Nilianza kama mtu anayejua anachofanya. Kilengeo kilisimama cheusi, safi, na duara likawa ukungu nyuma yake. Nilishusha mara tatu katika risasi kumi za kwanza na sikumeza mfupa wowote. Kijiti, kadi. Kijiti, kadi. Sikuhesabu pointi. Nilisikia gurudumu la wifi likizunguka na nikajua kwa mlio tu kwamba naye yuko sawa.

Katika risasi ya hamsini umeme ulikatika. Giza, bati linanguruma. Mhandisi akasimamisha saa, akatuambia tuweke bastola mezani tukae. Tulikaa pamoja, mimi na wifi, viti viwili, tukisikiliza ndoo ikijaa.

"Unaogopa, wifi?" nikamuuliza.

"Sana."

"Mimi pia."

"Wewe? Wewe hata ukiota unagomba."

"Ndiyo maana nagomba."

Umeme uliporudi, maji ya ndoo yalikuwa yamemwagikia upande wake. Aliruka lile dimbwi, akasimama. Mimi nikarudi kwenye chaki yangu. Sikumtazama miguu. Sasa hivi naona wazi kilichotokea: chaki yake ilikuwa imefutika na maji, naye akasimama mahali pakavu, mguu wa nyuma umesogea kiasi cha kiganja.

Risasi yangu ya hamsini na mbili niliivuta. Nilikuwa na pupa na hasira za ule umeme, kidole kikaenda kabla yangu. Nilijua papo hapo. Chini kulia, saba. Karibu wakati huohuo nikasikia kishindo cha bastola ya wifi, risasi yake ya kwanza tangu umeme urudi. Nikachomeka kijiti changu pale pale, chini kulia, nikazungusha gurudumu.

Kadi ilikuja na matundu mawili. Moja chini kulia, saba. Jingine katikati kabisa, kumi safi ya kupendeza.

Pembeni yangu gurudumu la wifi likasimama. Sikuhitaji kutazama. Kadi yake ilikuwa haina kitu.

Kanuni naijua, nimeisoma na kuigombeza kama vitabu vingine. Aliyepiga kadi ya jirani anapata sifuri kwa risasi hiyo. Na mwenye kadi, ikiwa haijulikani tundu lipi ni lake, anapewa lililo kubwa. Yangu ilikuwa kumi, kama haijulikani.

Na kitu pekee duniani kilichokuwa kinajua kilikuwa kijiti.

Niandike kwa uaminifu. Mkono wangu ulikwenda kwenye ubao. Bi Nukta alikuwa anamtazama wifi, Mhandisi anaandika. Kijiti ni chepesi, hakizidi njiti ya kiberiti. Ningekitoa tu, hata nisingekihamishia katikati, ningekitoa nikakiweka mezani kama mtu aliyesahau. Nilikigusa. Nilikuwa nimesimama ukutani tena, nina miaka tisa, na watu wanachagua.

Halafu ikanijia kwamba hii ndiyo risasi ya kwanza msimu huu ambayo niliijua kabla ya kadi bila shaka hata chembe. Miezi mitatu nimefundishwa jambo moja tu. Nimelipata leo, na nilitoe kwa pointi tatu?

Nikainua mkono. "Mwamuzi!"

Mhandisi alikuja, akainama, masharubu yakainama naye. "Aisee. Matundu mawili." Akatazama kadi ya wifi. "Basi, shemeji, pole, hii ni sifuri. Na wewe, mwandishi, unapewa kumi."

"Yangu ni saba."

"Haijulikani."

"Naijua mimi."

"Kanuni inasema—"

"Kanuni inasema kama haijulikani. Mimi nakwambia inajulikana. Tazama kijiti."

"Mama yangu," akasema Mhandisi, akijipangusa jasho, "miaka kumi na miwili niko mezani hapa. Watu wananigombeza wanataka kumi. Sijawahi kugombezwa na mtu anayetaka saba."

"Basi leo umegombezwa. Tundu la katikati halina hasira. Mimi leo nilipiga kwa hasira. Kidole changu nakijua, kikikasirika kinakwenda chini kulia, nimeandika tangu Machi. Kijiti kiko hapo tangu kabla kadi haijafika. Unataka ushahidi gani tena, nikuletee jino langu?"

Kaka akacheka mlangoni, akanyamazishwa. Bi Nukta akaja, akakitazama kijiti, akaitazama kadi. "Saba," akasema. "Andika saba. Endeleeni."

Maisha yangu yote nimebishana. Leo kwa mara ya kwanza nimeshinda mabishano ya kujipunguzia.

Wifi alikuwa ameganda, macho yamejaa. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Tazama miguu yako." Akatazama chini, akaona. Akasogea. Kwangu zilibaki risasi nane. Katika hizo nilishusha mara mbili, na ya mwisho kabisa ilikuwa kumi, na kijiti kilikuwa katikati kabla kadi haijafika.

Wifi mia tano thelathini na tatu, pamoja na ile sifuri. Mimi mia tano thelathini na mbili.

Pointi moja.

Alinishika mkono mlangoni, huku mvua inatunyeshea. "Wifi, umenipa nafasi yako."

"Sijakupa kitu. Uliipiga mwenyewe, tena kumi, ila kwenye kadi yangu. Jifunze kusimama."

Alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Mume wangu aliniendesha nyumbani bila mzaha wowote, na hapo ndipo nikajua inauma. Inauma. Nililia bafuni, maji yakiwa wazi. Lakini mia tano thelathini na mbili! Nimegeuza kurasa hadi mwanzo kuitazama ile mia nne tisini na nane. Ni kama mwandiko wa mtu mwingine.

Jumapili, Mei 24

Nimelala hadi saa nne.

Jumanne, Mei 26

Nilikwenda ukumbini kwa sababu ni Jumanne. Bi Nukta alikuwa anabandika karatasi mlangoni. Majina matatu, na chini yake la nne, langu.

"Hilo la nne ni nini, Mwalimu?"

"Mtu wa akiba. Timu haisafiri bila mtu wa akiba."

"Hukututangazia."

"Nilikuwa simhitaji mpaka nimwone. Mtu wa akiba anakaa nyuma ya mpigaji siku nzima na kumwambia ukweli anaouona. Wapigaji wazuri ninao. Mtu anayeweza kumwambia mwamuzi saba ni saba, huyo sikuwa naye." Akagonga pini ya mwisho kwa kiatu chake. "Na ukija kule ukigombana na mtu yeyote, nakurudisha kwa basi."

Nimesoma jina langu mlangoni mara nne. Sitaki kuandika zaidi, nitaharibu.

Ijumaa, Mei 29

Makala ya maktaba imetoka. Ukurasa mmoja na nusu. Mhariri amesema ndiyo kali kuliko zote nilizowahi kuandika. Wasomaji wanadhani nimepoa. Sijapoa. Nimeacha kumkodolea macho yule bwana nikatazama kilengeo changu: mlango wa maktaba ya mtaani kwetu, watoto wanaofanyia kazi za shule pale kwa sababu nyumbani hakuna meza. Yeye amebaki ukungu nyuma. Amenipigia simu mwenyewe kuomba tuongee.

Jumanne, Juni 2

Mvua imekwisha. Ndoo imerudi stoo. Tunasafiri keshokutwa, watu wanne na Bi Nukta. Wifi ameniomba kule nisimame nyuma yake, nitazame miguu tu, na nikiona imehama nikohoe. Nimemwambia nitakohoa hadi nitoe pafu.

Leo nimekuja ukumbini mapema, peke yangu. Jua limeingia kwenye yale matundu ya bati na kuna nukta za mwanga sakafuni, juu ya chaki mpya. Nimesimama kwenye miguu yangu. Nimeinua, nikashusha. Nimeinua, nikashusha. Mara ya tatu kilengeo kilisimama, kidole kikaenda bila haraka, na nikabaki hapo hapo baada ya kishindo.

Nimechomeka kijiti katikati kabisa. Nimekaa nikaandika ukurasa huu wote, na kadi bado iko kule mwisho, mita kumi. Nitaivuta nikimaliza. Hakuna haraka. Najua ilipo.